Jina la Mlima, Jina la Nchi: Historia ya Neno "Kenya"

Uchunguzi wa majina ya mahali aghalabu huishia katika swali moja: jina hili asili yake ni nini? Swali la pili, lisilopungua uzito, huachwa kando: jina likishatoka kwa wenyewe, hupita njia gani hata likawa la vitu vingi vilivyo mbalimbali? Neno "Kenya" lafaa kuwa mfano, kwani limepata kuwa jina la mlima, la mkoa, la koloni, la himaya na la jamhuri, na kutokana nalo likaundwa jina la raia. Kila hatua imeacha alama yake katika lugha.

Mlima wenyewe haukuwa na jina moja. Wakikuyu waliuita Kĩrĩnyaga, Wakamba Kĩĩnyaa, Wameru Kirimara, na Wamaasai Ol Doinyo Keri. Kila jamii iliutazama kwa upande wake na kuutaja kwa lugha yake. Majina mawili ya kwanza ni neno moja, ila Kikamba kimezidondosha sauti ambazo Kikuyu kimezihifadhi. Kwa kawaida neno hilo huhusishwa na mbuni, ambaye manyoya yake meusi na meupe yamefananishwa na miamba na theluji. Wako pia walifasirio kuwa ni mng'aro. Vyovyote iwavyo, silabi ya kwanza ni kiambishi cha ngeli, ndugu wa *ki-* ya Kiswahili, na irabu yake iandikwayo *ĩ* hutamkwa karibu sawa na *e*.

Jambo hili ndilo linaloeleza umbo la neno lililoingia vitabuni. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amefunga safari kutoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huo kutoka Kitui. Mwenyeji wake huko alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Krapf aliandika kama alivyosikia, mara *Kegnia*, mara *Kenia*. Hivyo mlima uliingia katika ramani kwa matamshi ya watu walioutazama kwa mbali, wala si ya wale waliolima chini yake. Tangu hapo kiambishi kikapoteza kazi yake. Katika Kiswahili hakuna asemaye "Kenya kilipata uhuru". Husemwa "Kenya ilipata uhuru", kwa upatanisho wa *nchi*, na "Mlima Kenya unaonekana", kwa upatanisho wa *mlima*. Jina limeacha ngeli yake ya asili na kufuata ngeli ya kitu kinachotajwa. Huo ndio uwezo wa kwanza unaoliwezesha jina moja kubeba vitu vingi bila ya kuwapoteza wasemaji.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya watawala. Himaya ya Afrika ya Mashariki, iliyotangazwa na Uingereza mwaka 1895, ilikuwa na jina lililoonyesha upande wa dunia tu. Ndani yake palikuwa na Mkoa wa Kenya, katika sehemu za mlima. Mwaka 1920 jina la mlima lilitandazwa juu ya nchi nzima, lakini kwa namna mbili. Bara ikawa Koloni la Kenya. Ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar kwa mujibu wa mkataba, ukawa Himaya ya Kenya. Basi mkazi wa Lamu au Mombasa akajikuta chini ya jina la mlima usioonekana kutoka kwake, na jina hilo hilo likawa na maana mbili mbele ya sheria.

Hapo jina lilikoma kuwa jambo la sarufi peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliotaka pwani ijitawale walijiita watu wa Mwambao, neno la Kiswahili lenye kutaja mahali pao kama palivyo. Wapinzani wao walishikilia kuwa Kenya ni moja. Ripoti ya James Robertson ya mwaka 1961 ilipendekeza ukanda uunganishwe na bara; mapatano yakafikiwa London tarehe 8 Oktoba 1963; na Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huo. Vitu viwili vilivyoshiriki jina vikawa kimoja, na bendera nyekundu ya Sultani haikupepea tena Ngome ya Yesu.

Yafaa kulinganisha neno hili na majina ya nchi yenye kiambishi *u-*, kama Unyamwezi, Ugogo na Uganda. Katika majina hayo watu hutangulia na nchi hufuata: Mgogo yuko, ndipo ikawepo Ugogo. Ndiyo sababu neno "Mganda" hubeba mzigo wa maana mbili, mtu wa kabila na raia wa dola. "Mkenya" limeundwa kinyume chake. Halikuwapo kabila la Wakenya. Nchi ndiyo iliyomzaa mtu. Kwa hiyo Mdigo, Mturkana, Mluo na Mhindi wa Mombasa hulipata jina hilo kwa mlango mmoja.

Hata hivyo, haitakuwa kweli kusema kwamba jina lilikuwa tupu. Kwa jamii zilizoishi chini ya mlima, hapo palikuwa mahali patakatifu, na Jomo Kenyatta aliutaja mlima huo katika jina la kitabu chake cha mwaka 1938. Jina lake mwenyewe, ambalo wengi hudhani limetokana na nchi, huelezwa kuwa latokana na mkanda wa shanga aliouvaa. Kufanana kwa sauti kumeongeza kitu kingine katika orodha ya vishiriki jina, bila ya nasaba. Nalo umbo la Kikuyu lilirejea mwaka 1963, ilipoundwa Wilaya ya Kirinyaga, ambayo sasa ni kaunti. Neno moja limo mara mbili katika ramani moja, mara kwa nchi nzima, mara kwa sehemu ndogo yake.

Kamusi ya majina ya mahali itakayosema tu kwamba "Kenya" ni neno la mbuni itakuwa imeeleza chimbuko na kuiacha historia. Inapasa ionyeshe jina lilipewa kitu gani, mwaka gani, kwa amri ya nani, na nani waliokaa chini yake bila ya kuulizwa. Watu wa Mwambao walilijua swali hilo kabla ya wanaisimu.