Vitamini na Kifafa cha Mimba

Wazee husema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Maneno hayo ni ya kweli, lakini mawingu mengine hupita bila kunyesha, na mkulima mwenye busara hauzi akiba yake ya chakula kwa sababu ameona wingu. Habari nitakayoisimulia hapa ni ya wingu moja la namna hiyo, lililoonekana mjini London mwaka 1999, na ya watu waliokuwa na subira ya kutazama kama litanyesha. Jambo lililokuwa hatarini halikuwa mavuno ya shamba, bali maisha ya akina mama na watoto wao.

Kifafa cha mimba ni ugonjwa wa zamani sana. Mwanamke mwenye mimba, ambaye jana alikuwa mzima, huumwa kichwa kwa nguvu. Macho yake huona ukungu, uso na mikono huvimba, kisha huanguka na kutetemeka mwili mzima. Jina lake la kitaalamu, eklampsia, limetoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni mwako wa ghafula. Kwa karne nyingi waganga walimkuta mgonjwa akiwa amekwisha kuanguka, wala hawakujua njia ya kuitambua hatari mapema. Mwaka 1843 daktari John Lever, wa hospitali ya Guy's mjini London, alionyesha ya kuwa mkojo wa wanawake hao ulikuwa na protini, ambayo huganda mkojo ukichemshwa kama ute wa yai ugandavyo. Mwaka 1896 Mwitaliani Scipione Riva-Rocci alitengeneza chombo cha kufunga mkononi cha kupimia shinikizo la damu. Kwa vipimo hivyo viwili madaktari waliweza kuiona hatari kabla haijafika, na hali hiyo inayotangulia kifafa ikaitwa priklampsia.

Shina la ugonjwa limo katika kondo la nyuma. Kondo lisilopata damu ya kutosha hutoa vitu vinavyodhuru kuta za mishipa ya damu ya mama, na kuta zilizodhurika huvuja. Ugonjwa ukiwa mkali, maji huweza kuvujia hata ndani ya mapafu. Hapo mama hupumua kwa taabu, hawezi kulala chali, na huwa kama mtu anayezama baharini ilhali yuko kitandani. Madaktari wamejifunza kwamba kumtia mgonjwa huyo maji mengi mishipani, hata kwa nia njema, ni kuyajaza mapafu zaidi. Kwa hiyo huyapunguza maji, humkalisha mgonjwa, humpa oksijeni, dawa ya kushusha shinikizo la damu, na dawa ya kuyatoa maji kwa njia ya mkojo. Kisha humzalisha, maana kondo lisipotoka shina la ugonjwa hubaki mahali pake.

Lakini je, isingekuwa bora kuzilinda kuta za mishipa mapema, zisivuje kabisa? Swali hilo ndilo lililozileta vitamini katika habari hii.

Vitamini C ilikuwa na sifa kubwa. Mwaka 1747, katika meli ya Kiingereza iliyoitwa Salisbury, daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili. Wote walikula chakula kimoja, lakini kila wawili walipewa dawa yao: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili walipewa machungwa na malimau. Haikupita wiki, wale wawili wa matunda wakaanza kupona. Karibu miaka 200 baadaye, Mhangari Albert Szent-Györgyi akaitambua dawa iliyokuwamo katika matunda hayo, na mwaka 1937 akapewa tuzo ya Nobel. Vitamini E nayo ilikuwa na undugu na uzazi tangu mwanzo. Mwaka 1922, huko California, Herbert Evans na Katharine Bishop waliona kwamba panya waliokosa kitu fulani katika chakula walishika mimba lakini hawakuzaa. Wakipewa majani ya saladi walizaa salama. Kitu hicho kikaitwa tokoferoli, jina la Kiyunani lenye maana ya kuleta uzazi.

Wataalamu walipojua ya kuwa vitamini hizi mbili huweza kuvituliza baadhi ya vitu vikali vinavyodhuru kuta za mishipa, walipata tumaini. Mwaka 1999, madaktari wa London walitangaza matokeo ya jaribio lao. Walikuwa wamewachukua wanawake 283 wenye mimba waliokuwa na dalili za kuelekea priklampsia. Nusu yao walipewa vitamini C na E kila siku; nusu walipewa vidonge vilivyofanana navyo lakini visivyo na dawa. Katika wanawake 142 waliopata vidonge vitupu, 24 waliugua. Katika 141 waliopata vitamini, waliugua 11 tu. Msomaji anaweza kuiwazia furaha iliyokuwapo. Dawa ilikuwa rahisi, ilipatikana kila mahali, na ilikuwa na jina jema. Ni nani asingetamani kuigawa siku ile ile kwa kila mwanamke mwenye mimba?

Madaktari wale hawakufanya hivyo. Walijua ya kuwa hesabu ndogo huweza kumdanganya mtu mwaminifu. Ukirusha sarafu mara 10, huenda ikaangukia upande mmoja mara 7, na hilo si ajabu. Ukiirusha mara 1,000 hutaona ikiangukia upande huo mara 700. Basi wakaanza jaribio kubwa zaidi, la wanawake 2,410, chini ya uongozi wa Lucilla Poston, aliyekuwa mmoja wa watafiti wa jaribio la kwanza. Mwaka 2006 majibu yalitoka. Katika kila wanawake 100 waliopata vitamini, 15 waliugua. Katika kila 100 wasiopata, waliugua 16. Tofauti ilikuwa karibu na bure. Tena watoto waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa wengi zaidi upande wa vitamini. Majaribio mengine yakafuata: Australia mwaka 2006, India, Peru, Afrika Kusini na Vietnam mwaka 2009, na Marekani mwaka 2010 kwa wanawake zaidi ya 10,000. Yote yalisema neno moja: vitamini hizi haziuzuii ugonjwa huu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitolewe kwa ajili hiyo.

Wakati huo huo, dawa isiyo na fahari ilikuwa ikipanda ngazi. Ni chumvi ya haluli, ile ile watu waliyoinywa kusafisha tumbo, ambayo wataalamu huiita magnesiamu salfeti. Ilianza kutumiwa kwa kifafa cha mimba mwanzoni mwa karne ya 20, lakini madaktari wengi waliidharau. Mwaka 1995, jaribio la wanawake wapatao 1,700 lilionyesha ya kuwa ilizuia kifafa kisirudi kuliko dawa mbili zilizopendwa zaidi. Mwaka 2002, jaribio jingine la wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 lilionyesha ya kuwa, ikitolewa hospitalini kwa wenye priklampsia, huipunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Hivyo dawa iliyosifiwa ilikataliwa, na iliyodharauliwa ikawa ngao ya akina mama.

Mtu asiseme, basi, ya kuwa machungwa ni bure. Kiseyeye bado huponywa kwa vitamini C, na mwenye mimba bado anahitaji matunda na mboga katika chakula chake. Jambo la kukumbuka ni kwamba Lind aliwalinganisha mabaharia wake kwa haki, na kulinganisha huko ndiko kulikoipa vitamini C sifa yake ya kweli. Zaidi ya miaka 250 baadaye, kulinganisha kwa haki ndiko kulikoivua sifa isiyokuwa yake. Mizani ilikuwa moja.

Tena tuwaheshimu watu wa London. Si kazi ngumu kuivunja hoja ya mwenzako. Kazi ngumu ni kuipeleka hoja yako mwenyewe mbele ya mizani na kuyasoma majibu kwa sauti, hata yakikuaibisha. Waliliona wingu, wakawaonyesha watu. Liliposhindwa kunyesha, walisema pia ya kuwa halikunyesha.