Mchezo wa video: Hataza hailindi wazo tupu

KIJANA wa Maungu akibuni mchezo wa video ambamo dereva wa lori anasafiri usiku kutoka Mackinnon Road hadi Voi akiwakwepa ndovu wanaovuka barabara, swali la kwanza litakalomkosesha usingizi ni hili: akiuonyesha kwa kampuni ya Nairobi, ni nani atakayeizuia kuuchukua?

Wengi hukimbilia kutaja hataza, yaani patenti. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, inayotekelezwa na taasisi ya KIPI, inafunga mlango huo mapema. Kifungu cha 21 kinasema kwamba mipango, kanuni na mbinu za kucheza michezo si uvumbuzi. Kisa cha lori na ndovu, hesabu ya pointi na masharti ya ushindi havipati hataza, hata kama hakuna aliyewahi kuvifikiria.

Kinachoweza kuipata ni ufumbuzi wa kiufundi, tuseme kifaa kipya cha kuchezea, ambacho fundi wa kawaida asingekifikia kwa wepesi. Hataza hiyo hudumu miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa. Aliyekwisha kuutangaza uvumbuzi wake mwenyewe ana miezi 12 ya kupeleka ombi. Ulaya haina huruma hiyo. Marekani, kwa upande wake, imekuwa karimu mno: mwaka 1998 iliipa kampuni ya Namco ya Japani hataza ya kumchezesha mtu mchezo mdogo wakati ule mkubwa ukipakiwa. Ilikwisha 2015.

Ngao halisi ya kijana wetu ni hakimiliki. Programu ya kompyuta huhesabiwa kuwa kazi ya fasihi (ajabu, lakini ndivyo sheria isemavyo), na ulinzi huanza pindi inapoandikwa, ukadumu hadi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kusajili kwa KECOBO ni hiari, ila cheti ni ushahidi mzuri mahakamani. Hata hivyo, kinacholindwa ni msimbo, picha, muziki na maandishi. Ndiyo maana Ma3Racer, mchezo wa Kenya wa kuendesha matatu, haumzuii mwingine kubuni wake wa matatu, mradi asinakili.

Jina la mchezo husajiliwa KIPI kama alama ya biashara kwa miaka 10, na muda huo huongezwa.

Kabla ya kuonyesha chochote, kampuni na itie sahihi mkataba wa kutunza siri. Ikikataa, kama yafanyavyo makampuni mengi makubwa, afadhali apeleke mchezo uliokamilika badala ya maelezo ya mdomo. Na rafiki aliyemchorea ndovu? Naye aandikiane naye mkataba kabla pesa hazijaingia.