Nyumba za Msajili

Aprili 1971 sheria mpya iliiruhusu serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Mwanza, kama kwenye miji mingine, wenye ghorofa za katikati ya mji wengi walikuwa wa asili ya Kihindi, na familia nyingi zilihama nchi. Funguo zilikwenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa.

Katika utafiti wangu wa uzamili, kinachonivuta ni asiyekuwepo: halmashauri ya mji. Serikali za mitaa zilifutwa miaka michache tu baadaye, zikaanza kurudi mijini 1978. Bati likivuja, hapakuwa na diwani wa kumsumbua.

Mpaka leo mkono wa Jiji ni mfupi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inazungumzia ardhi iliyotelekezwa, lakini mwenye kufuta miliki ni Rais. Kodi ya majengo nayo, tangu 2021, hukatwa kwenye LUKU. Familia inayonunua umeme inalipa. Gofu lisilo na mita halikatwi kwa njia hiyo. (Sijui nani alifurahi zaidi, mwenye gofu au popo wake.) Kwangu mimi, huko ni kumbana anayeishi kuliko aliyefunga mlango.

Na kule Mabatini na Igogo watu wanajenga juu ya majabali, jiwe ndilo msingi, jiwe ndilo ukuta wa nyuma.