Somo la Historia: Takataka na Udongo wa Usambara

Leo tutajifunza habari za takataka na udongo katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto.

Hapo kale Wasambaa walipanda migomba karibu na nyumba zao. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi na samadi ya mbuzi vilitupwa migombani. Kilichotoka katika udongo kilirudi katika udongo. Hivyo migomba ilizaa mahali pale pale miaka mingi.

Baadaye mambo yalibadilika. Wakati wa Wajerumani, mji wa Lushoto ulipoitwa Wilhelmstal, sehemu ya ardhi ilichukuliwa kuwa misitu ya serikali na mashamba ya walowezi. Watu nao waliongezeka. Wakalima juu zaidi, penye miteremko mikali. Mvua iliponyesha, udongo mweusi wa juu, wenye rutuba, ulichukuliwa na maji mpaka mabondeni.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuokoa ardhi huko Mlalo. Watu waliamriwa kulima matuta, nao wakakatazwa kulima miteremko mikali. Aliyekaidi alishtakiwa na kutozwa faini. Kazi ya matuta ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia akina mama. Maskini, ambao shamba lao la pekee lilikuwa mteremkoni, waliogopa njaa. Watu wakapinga, na chama cha TANU kikasimama pamoja nao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Je, kuzuia mmomonyoko kulikuwa kubaya? Hapana. Shabaha ilikuwa njema, lakini mkulima aliletewa amri; hakuulizwa shauri. Tena, tuta huzuia udongo usiondoke, lakini peke yake haliulishi. Udongo uliochoka hutaka mbolea.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe pia mahali pa kuzalisha mali, hasa shamba, ili mtoto asidharau jembe. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulianza Lushoto mpango ulioitwa kwa kifupi SECAP, kwa msaada wa Ujerumani. Wakulima walionyeshwa kupanda miti, na kupanda majani ya ng'ombe kwa mistari inayokata mteremko. Majani yale yalizuia udongo, yakalisha ng'ombe bandani, na samadi ikarudi shambani. Mkulima aliona faida kwa macho yake.

Siku hizi jaa letu si kama la kale. Ganda la ndizi huoza; plastiki haiozi hivyo. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na vikapu vikarudi sokoni. Lakini chupa na vipande vingine vya plastiki bado vipo. Kwa hiyo kazi ya kwanza shuleni ni kutenga. Vinavyooza viwekwe mbali na plastiki, vioo na betri.

Kisha tengenezeni mboji, yaani mbolea ya takataka. Wekeni tabaka la majani makavu, juu yake majani mabichi na maganda, kisha samadi, udongo na majivu kidogo. Rudieni hivyo. Nyunyizeni maji, funikeni, na pindueni lundo mara kwa mara. Baridi ya milimani huchelewesha kuoza, msikate tamaa. Mboji ikiwa nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni, iko tayari.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyeona mchicha wa shule ukinenepa kwa mboji aliyoipindua mwenyewe hahitaji kutozwa faini ili aitunze ardhi.

Sasa jibuni maswali haya kwa kuandika:
1. Kwa nini migomba ya kale ilizaa miaka mingi mahali pamoja?
2. Kwa nini watu wa Mlalo walipinga matuta?
3. Ni takataka gani hazifai kutiwa katika mboji?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.