Siku bangi ilipompita Obama

Wasomaji wangu, tarehe 4 Novemba 2008 wengi mnaikumbuka. Ndiyo siku Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani, na majirani zetu Kenya wakapewa siku ya mapumziko kusherehekea. Lakini siku hiyohiyo, katika jimbo la Massachusetts, kulikuwa na kura nyingine ambayo ilimezwa na vigelegele. Obama alipata kama asilimia 62 ya kura za jimbo hilo. Kwenye karatasi ileile kulikuwa na swali namba 2, la kuondoa kosa la jinai kwa mtu anayekutwa na bangi kidogo. Hilo likapata kama asilimia 65.

Yaani bangi ilimpita Obama!

Haya, cheka, kisha tuendelee. Maana ukiishia hapo utasema watu wa Massachusetts wote ni wavutaji. Sivyo kabisa. Hili ndilo jimbo ambalo mwaka 1911, miaka mingi kabla ya serikali kuu ya Marekani kuibana bangi, lilipiga marufuku kuiuza bila cheti cha daktari. Hawa si watu wa mchezo.

Sasa nini kilitokea?

Sheria ya zamani ilisema ukikutwa na bangi unaweza kufungwa hadi miezi 6 na kutozwa faini ya dola 500. Kwa kweli wengi waliokamatwa na kiasi kidogo hawakufika jela. Tatizo lilikuwa jingine: rekodi ya polisi. Kijana anakamatwa na msokoto mmoja akiwa na miaka 19, kesi inaisha, maisha yanaendelea. Siku anaomba kazi au anatafuta nyumba ya kupanga, mwajiri au mwenye nyumba anachungulia rekodi, na jina lake limo. Adhabu ambayo hakimu hakuitoa inatolewa na mtu wa ofisini, tena haina siku ya kumalizika.

Wanaharakati wakazunguka kukusanya saini. Kwa utaratibu wa jimbo hilo, saini zikitosha hoja inapelekwa kwanza bungeni, na bunge likiikalia kimya, wenye hoja wanaongeza saini na kuipeleka kwa wananchi. Bunge likaikalia. Basi wananchi wakaulizwa wenyewe: mtu akikutwa na bangi isiyozidi aunsi moja, yaani kama gramu 28, alipe faini ya dola 100 na yaishe, bila rekodi ya jinai? Aliye chini ya miaka 18 wazazi wake waarifiwe na ahudhurie mafunzo juu ya dawa za kulevya. Kuuza kubaki kosa, kuendesha gari ukiwa umelewa kubaki kosa.

Wakubwa walikataa. Waendesha mashtaka wa wilaya, wote 11, walipinga. Gavana Deval Patrick, wa chama kilekile cha Obama, naye alipinga. Walisema vijana watapewa ujumbe mbaya. Upande wa pili walimtumia Jeffrey Miron, mchumi wa Harvard, aliyekadiria kwamba kazi ya kuwakamata watu hawa inaligharimu jimbo kama dola milioni 29.5 kwa mwaka. Kumbuka huo ndio mwaka mabenki yalikuwa yanaanguka. Hesabu kama hiyo iliingia masikioni. Tarehe 2 Januari 2009 sheria mpya ikaanza kazi.

Hapa ndipo penye somo. Kampuni ya Gallup imekuwa ikiwauliza Wamarekani tangu 1969 kama bangi ihalalishwe. Mwaka ule wa kwanza asilimia 12 tu walikubali. Mwaka 2009 walikuwa asilimia 44, bado chini ya nusu. Nchi ambayo wakati huo wengi hawakutaka bangi ihalalishwe, ilikuwa na jimbo ambalo karibu watu wawili kati ya watatu hawakutaka mvutaji achafuliwe jina. Unaweza kuona ni mgongano. Mimi naona ni maswali mawili tofauti, na watu wazima waliyajibu kila moja kivyake.

Ushahidi uko hukohuko Massachusetts. Mwaka 2012 waliulizwa kuhusu bangi kama dawa kwa wagonjwa: asilimia 63 wakakubali. Mwaka 2016 wakaulizwa kuhusu kuihalalisha kabisa, maduka na kodi juu. Ikapita, lakini kwa asilimia 54 hivi. Jimbo lilelile, sheria ikawa huru zaidi huku kura zikipungua. Wapo waliosema usimwekee mwenzangu rekodi, lakini duka mtaani kwangu, hapana.

Sasa turudi kwa majirani zetu. Mwaka 2022 profesa George Wajackoyah aligombea urais Kenya akiahidi kuhalalisha bangi ili ilipe deni la taifa. Mitandaoni alitikisa. Kwenye sanduku akapata kura 61,969, hazifiki hata nusu asilimia. Ni rahisi kusema hayo ndiyo maoni ya Wakenya juu ya bangi. Jamani! Wakenya waliulizwa nani awe rais, na mgombea yuleyule alikuwa anahubiri pia ufugaji wa nyoka. Kuhusu kijana wa miaka 19 aliyekutwa na msokoto mmoja, hakuna aliyewauliza.

Kura ya mtu ni kitu kimoja, kura ya hoja ni kingine. Wanasiasa wanapenda kutuambia "wananchi hawataki" hili au lile. Ukisikia hivyo, muulize: uliwauliza lini, na uliwauliza swali gani?

Wewe ungewekewa lile swali namba 2 la Massachusetts, ungejibu nini? Si la duka, la rekodi tu. Nasubiri maoni yenu.