Diski kwanza, injini baadaye

Kuna watu wakiona Datsun ya zamani imefungwa breki za kisasa, wanalia eti historia imeharibiwa. Historia gani, manze? Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally na Volvo PV544, breki za dramu magurudumu yote manne. Mwaka 1971 Edgar Herrmann akashinda na Datsun 240Z, tayari ina diski mbele.

Dramu hufungia joto ndani. Ukikanyaga sana, breki zinafeli. Diski hupozwa na upepo. Sasa toka Mau Summit, shuka Sachangwan hadi Salgaa nyuma ya trela, na ile injini uliongezewa nguvu hapa Nakuru. Kubadilisha breki ndiyo historia yenyewe.