Mtambo wa Kufungia Marobota na Makelele Yake: Historia Fupi

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za maghala yaliyojengwa, malori yaliyonunuliwa na bei za pamba tangu Chama chetu Kikuu kilipozaliwa miaka 10 iliyopita. Sisi tuliopewa kazi ya kukisimamia kinu tumeombwa tuandike historia ya mtambo wa kufungia marobota. Tumeonelea tuiandike pamoja na historia ya makelele yake, maana mambo hayo mawili hayatengani, na hilo la pili ndilo lililotufundisha zaidi.

Pamba ikisha kuchambuliwa na mbegu zake kutolewa, nyuzi zake huwa nyepesi na zenye kujaa hewa. Lori zima laweza kujaa lisibebe uzito wa maana. Kwa hiyo nyuzi hushindiliwa kwa nguvu nyingi, zikafungwa robota moja lenye uzito wa kilo 180 hivi. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa miguu ya watu na kwa mashinikizo ya parafujo yaliyozungushwa kwa mikono au kwa wanyama.

Nguvu ya mtambo wetu ina asili yake katika fikira ya Blaise Pascal, mtaalamu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1662. Yeye alionyesha ya kuwa maji yaliyofungwa ndani ya chombo yakisukumwa mahali pamoja, msukumo ule huenea pande zote sawasawa. Basi ukiisukuma pistoni ndogo yenye eneo la sentimeta 1 ya mraba kwa nguvu ya kilo 10, na maji yale yakaisukuma pistoni kubwa yenye eneo la sentimeta 100 za mraba, hiyo kubwa hupata nguvu ya kilo 1,000. Lakini hapana cha bure: pistoni ndogo yapasa kwenda mwendo mara 100 kuliko ule wa pistoni kubwa. Mwaka 1795 fundi wa makufuli wa Uingereza, Joseph Bramah, alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wa mtambo uliojengwa juu ya kanuni hiyo.

Mitambo ile ya kwanza ilitumia maji, na pampu zake zilisukumwa polepole kwa mkono. Kisha, yapata mwaka 1850, William Armstrong alibuni chombo cha kuweka akiba ya nguvu: pampu iliinua uzito mkubwa sana, na uzito ule ukishuka uliyasukuma maji yakaenda kwenye mitambo. Katika karne ya 20 mafuta yalishika nafasi ya maji, na mota ya umeme ikaungwa moja kwa moja na pampu ndogo yenye kwenda mbio. Mtambo ukawa mdogo, mwepesi wa kutii, tena wa haraka. Faida hiyo ilikuja na makelele yake, kwani chanzo chake kikubwa ni mwendo wa ghafula na mapigo ya mara kwa mara. Nguvu peke yake haina haja ya kupiga kelele.

Madhara ya makelele yalijulikana kabla mtambo huu haujazaliwa. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya maradhi ya wafanya kazi, na humo akawataja mafundi wa shaba wa Venice, ambao kwa kugonga nyundo mchana kutwa masikio yao yaliharibika, na uzeeni wakawa viziwi. Mwaka 1886 Thomas Barr, daktari wa masikio katika mji wa Glasgow, aliwapima watengenezaji 100 wa matangi ya mvuke. Hakumkuta hata mmoja mwenye usikivu kamili, na wengi wao hawakuweza kufuata vema maneno ya mkutanoni.

Twaomba msomaji asimame kidogo juu ya neno hilo la mkutano, maana ndipo habari hii inapotugusa sisi wanaushirika. Chama cha Rochdale, ambacho vyama vingi vya ushirika duniani hukihesabu kuwa mzee wao, kilianzishwa na watu 28 mwaka 1844 katika mji wa wafumaji wa jimbo la Lancashire, Uingereza. Katika viwanda vya jimbo lile vyerehani vya kufumia vilivuma hata wafumaji wakazoea kusemezana kwa kuchezesha midomo bila sauti, kila mmoja akisoma kinywa cha mwenziwe. Nao ndio watu walioshika kanuni ya kila mwanachama kura moja. Kura hiyo ina maana kwa mtu aliyesikia hoja. Asiyesikia hupiga kura kwa kutazama mikono ya wenzake.

Sasa twaeleza yaliyotupata sisi. Kinu kilipopata mtambo wake, wengi wetu tuliyapenda makelele yale. Ngurumo ikisikika kijijini tulisema, "Chama kinafanya kazi." Tuliuweka mtambo chini ya paa la mabati, mota na pampu tukazifunga kwa bolti juu ya tangi la mafuta, na tangi tukalikaza kwenye sakafu. Kosa hilo lilikuwa letu wenyewe. Baada ya misimu kadhaa, katika Mkutano Mkuu, mzee mmoja wa kazi ya mtambo, naye ni mwanachama, aliulizwa juu ya uzito wa marobota, akajibu juu ya mishahara. Watu wakacheka. Mzee akaketi, na mikutano miwili iliyofuata hakufungua kinywa. Ndipo tulipotambua ya kuwa hakuwa amepotewa na fikira. Hakuwa amesikia swali. Tukawauliza vijana wake wa zamu, nao wakakiri kwamba masikio yao hulia kila jioni watokapo kazini.

Katika Kamati yalizuka maneno. Wengine walisema fedha yote ni ya malipo ya pili ya mkulima, na wafanya kazi wapewe vizibo vya masikio, yaishe. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, maana fedha ya Chama ni jasho la watu. Lakini wengine walijibu kwamba wale wa mtambo ni wanachama na watoto wa wanachama, na kwamba kizibo hakifai kitu kisipovaliwa sawasawa saa zote za hatari. Mwisho tulikubaliana tuyatafute makelele kwenye chanzo chake, tukianza na yale yasiyogharimu fedha nyingi.

Tulijifunza kwanza kupima. Makelele hupimwa kwa desibeli, kipimo kilichopewa jina la Alexander Graham Bell, mwalimu wa viziwi aliyevumbua simu. Kipimo hiki hakiongezeki kama kilo za mizani: desibeli 3 zikiongezeka, nishati ya sauti imekuwa maradufu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hushauri mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8, na katika desibeli 88 zaidi ya saa 4. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 huweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8. Asiye na chombo cha kupimia ana dalili hii: ikimlazimu kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja amsikie, basi masikio yamo hatarini.

Kisha tulivitafuta vyanzo kimoja kimoja. Cha kwanza ni pampu. Pampu yenye pistoni 9 ikizunguka mara 1,450 kwa dakika huyapiga mafuta mapigo zaidi ya 217 kila sekunde. Mapigo hayo hupita mabombani mpaka kwenye tangi, na kila mmoja wetu ajua ya kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Tuliishusha pampu kutoka juu ya tangi, tukaikalisha juu ya mipira, tukaunga bomba lake kwa mpira mgumu wa haidroli badala ya chuma kitupu, na mabombani tukatia vishikizo vyenye mpira. Anayenunua mtambo mpya afikiri pia juu ya pampu kubwa zaidi yenye kwenda polepole, mizunguko 960 hivi kwa dakika, kwani hutoa mafuta yale yale kwa makelele machache.

Cha pili ni njaa ya pampu. Chujio likiziba, au bomba la kuvutia mafuta likiwa jembamba, au mafuta yakipungua tangini, pampu huvuta utupu na hewa, ikalia kana kwamba imejaa changarawe. Sauti hiyo ni ya pampu inayoliwa. Kusafisha chujio na kujaza mafuta hakuhitaji mkopo wa benki, kwahitaji mtu wa kukumbuka.

Cha tatu ni ule mshindo mkubwa robota likisha kukazwa. Watu husema mafuta hayashindiliki, lakini hushindilika kidogo: yapata nusu ya sehemu moja ya mia kwa kila kilo 70 za mgandamizo kwa sentimeta ya mraba. Silinda yenye lita 100, kwa mgandamizo wa kilo 210, imebana kiasi cha lita moja na nusu. Vali kubwa ikifunguliwa ghafula, lita hiyo na nusu hutoka kwa kufumba na kufumbua, na kiwanda chote kikatikisika. Dawa yake ni vali ndogo inayofunguliwa kwanza, ili mafuta yapumue kabla ya vali kubwa kufunguka. Kazi huchelewa kitambo kidogo, mshindo ukatoweka, na viungo vya mabomba vikaacha kuvuja.

Baada ya hayo ndipo tulipojenga ukuta kati ya pampu na watu, na ndani yake tukatundika vitu laini vya kumeza sauti, tukiacha njia ya hewa ili mafuta yasichemke. Vizibo vya masikio navyo vipo, vimekuwa walinzi wa mwisho.

Hatusemi kwamba kinu kimenyamaza. Mashine za kuchambulia na feni zake bado zavuma, nazo ndizo kazi ya miaka 10 ijayo. Lakini penye mtambo wa marobota sasa mtu humwita mwenziwe kwa jina, naye akageuka. Yule mzee usikivu wake haukurudi, wala hautarudi, kwani vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Hapo twaona ukweli wa neno la wahenga, sikio la kufa halisikii dawa. Siku za Mkutano Mkuu huketishwa mbele, na Mwenyekiti humkariria kila swali akimtazama usoni. Mwaka jana alisimama akauliza juu ya hesabu ya marobota, na swali lake lilikuwa la haki, likajibiwa.

Ndugu Wanachama, kijijini siku hizi watu hutuuliza mbona ngurumo haisikiki kama zamani, je, Chama kimelala? Twawajibu waende ghalani wakayahesabu marobota.